Gramu Ishirini na Tano

Gereji yetu haina mashine.
Ina mabamba mawili ya mawe meusi,
masalio ya paa la kanisa lililobomolewa hapa Blaenau.
Nimeyasimamisha ubavu, yanatazamana kama majirani waliokosana,
ekseli imelala juu yao, imepakwa mafuta mepesi,
na gurudumu la mbele linaning'inia katikati,
halijaamua.

Nje mvua. Bila shaka mvua.
Gethin kashinda asubuhi nzima akipigana na tairi jipya,
magoti juu ya ringi, povu la sabuni hadi viwikoni,
akilaani kwa Kiwelisi cha machimboni,
lile tusi refu ambalo mamake alidhani ni jina la mlima.
Mwishowe upepo ukajaa, tairi likalia mara mbili,
pa! pa!
likakaa mahali pake.
"Haya, mfamasia," akasema, akijifuta. "Zamu yako."

Miaka thelathini na moja nilipima dawa za watu
katika duka lenye kengele mlangoni,
miligramu za moyo, miligramu za usingizi.
Mkono wangu hauogopi kitu kidogo.

Naligusa gurudumu. Linazunguka polepole,
linasita, linarudi nyuma kama mtu aliyesahau funguo,
kisha linatulia, upande mzito chini.
Natia chaki juu, palipo pepesi.
Nalizungusha tena. Chaki inarudi juu.
Mara ya tatu, juu.
"Ni nyingi mno hiyo," anasema Gethin, "kwa tairi lililotoka dukani jana."

Ndipo napitisha vidole chini, mkabala na chaki,
nyuma ya spoku, penye tope lililokauka likawa ngozi ya pili,
na navikuta:
vipande vitano vya risasi, vimepangwa mstari mmoja,
vimefungwa kwa utepe wa fundi umeme,
wa buluu.

Ifor.
Nani mwingine alifunga kila kitu kwa utepe wa buluu?
Miwani. Birika. Mpini wa sepetu.
Kidole chake mwenyewe, siku ile ya msumeno.

Alivipima kwa ajili ya tairi ambalo sasa limeegemea ukuta,
limekwisha meno, linangoja lori la taka.
Na alikuwa sahihi kaka yangu.
Kwa tairi lile alikuwa sahihi kabisa.

"Viache," anasema Gethin, kwa sauti ya chini. "Tutaongeza upande wa pili."
Mume wangu ana huruma ya kuongeza uzito juu ya uzito.
Koti la Ifor lingali kwenye msumari ukumbini
tangu Novemba ya mwaka juzi;
tunalikwepa kwa bega tukibeba vikombe vya chai.

Nachukua kisu cha siagi.
Cha kwanza kinang'oka na rangi.
Cha pili.
Cha tatu kinagoma, nakipuliza kwa mashine ya kukaushia nywele
mpaka gundi inanuka.
Gethin anatazama mvua.

Sasa ringi ni tupu. Nalisukuma tena.
Linashuka taratibu, upande mwingine kabisa,
karibu na vali.
Gramu tano, zisizozidi. Nazibandika ng'ambo kwa karatasi kwanza,
nazisogeza upana wa ukucha, narudi nusu ya ukucha.
Naliacha vali ikiwa juu: linakaa.
Vali pembeni: linakaa.
Naliacha popote, linakaa popote,
na sote wawili tunasimama pale tukilitazama
lisivyofanya kitu.

Jumapili mawingu yakainuka kidogo.
Tukapanda hadi Bwlch y Gorddinan, mimi nyuma yake,
na kwa maili sitini kwa saa usukani haukutetemeka hata chembe.
Risasi za Ifor nilizipima usiku kwenye mizani ya unga:
gramu ishirini na tano, utepe haukuhesabiwa.
Zilikuwa mfukoni mwangu, wa kushoto.
Kwenye kona ya mwisho nikagundua
njia nzima nimeketi
nikiegemea kulia, kidogo tu.